Yona Ndani ya Boti ya Kabaso

Arlène alikuwa ameapa kutomtazama.

Alikaa katikati ya boti, kitenge chake kipya amekikunja magotini kisilowe, mkono mmoja begani kwa bibi yake. Macho aliyaelekeza kwenye magunia ya chumvi yaliyopangwa mbele yake. Lakini viatu vya plastiki vilipokanyaga ubao wa boti, alijua ni nani kabla hajainua kichwa.

"Mwashibukeni mukwai," Yunusi alimsalimia mwenye boti kwa Kibemba, kisha akageukia wengine. "Jambo, Nkambo Berthe. Jambo, Papa Valère."

Nkambo Berthe, bibi yake Arlène, aliitikia. Papa Valère, baba yake, hakuitika. Alivuta kofia ya sufi hadi kwenye nyusi, akaendelea kulitazama ziwa kana kwamba aliyesalimia ni upepo.

Yunusi alikuwa amebeba paneli ya sola iliyofungwa kwa blanketi. Kazi yake ilikuwa kufunga taa za sola, Nchelenge mjini na vijiji vya visiwani. Watu wa kwao walitoka Kasongo, na alifika ziwani pamoja na baba yake mdogo, ambaye sasa alifanya biashara huko Chienge. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa akipita mbele ya cherehani ya Arlène sokoni, mwanzoni akiwa na suruali ya kupunguza, baadaye mikono mitupu. Walipendana kimya kimya, mpaka mtu mmoja akaenda kumwambia Papa Valère kwamba binti yake anacheka na kijana wa msikitini.

Papa Valère alikuwa mzee wa kanisa. Hakupiga kelele, hakumpiga binti yake. Alikaa kitandani akasema, "Mama yako alikufa ile juma tulivuka mupaka kutoka Pweto. Sikukuwa hata na kitambaa ya kumufunika. Ni bantu ba kanisa njo balichimba kaburi, balinipa kitambaa. Na sasa nibaambie nini? Kama binti yangu ameenda?"

Arlène alikosa jibu. Na kwa sababu alikosa jibu, leo alikuwa ndani ya boti hii, akipelekwa Kilwa, kisiwa kilichomo ndani ya ziwa hilohilo, ambako Pasta Ilunga na mwanawe Méschac walikuwa wakimngojea wamwone. Méschac aliongoza kwaya. Alikuwa kijana mzuri. Hilo ndilo lililomuuma Arlène zaidi: hakuwa na kosa lolote la kumshika nalo.

Kabaso, mwenye boti, alisukuma kwa mti, akawasha moteri. Nyuma ya boti aliburuta mtumbwi mdogo uliofungwa kwa kamba, wa kushushia watu mahali penye kina kifupi. Abiria mwingine alikuwa Mama Jeanine, mfanyabiashara wa samaki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika soko zima.

Yunusi alisogea akaketi karibu na magunia. Aliinama mbele kama mtu anayefunga kiatu.

"Arlène. Ni kweli?"

Arlène alikunja kitenge upya magotini.

"Sikuja kukugombanisha na papa yako. Niko naenda Kilwa kufunga taa. Mais nilichagua hii bwato, sikatai. Nilitaka niisikie na kinywa yako. Sema tu, 'Naenda kuolewa,' na mi nitashuka, sitakuangalia tena."

Arlène aliinua macho. Alikuta macho yake yakimngoja, mekundu kwa kukosa usingizi, na yale yote aliyoapa yakayeyuka. Alifungua mdomo. Maneno yalifika hadi kwenye meno.

"Kijana," alisema Papa Valère bila kugeuka, "bwato ni ya bote. Mutoto ni wangu."

Arlène alifunga mdomo.

Mama Jeanine, ambaye hakuwa mtu wa kuvumilia kimya, alimgeukia mgeni. "Na weye, papa, jina yako njo nani?"

"Yunusi."

"Yunusi, njo jina gani?"

"Ni Yona, mama. Kwa Kiarabu banasema Yunusi."

"Yona!" Mama Jeanine alipiga makofi, akacheka mpaka boti ikatikisika. "Kabaso, umesikia? Umebeba Yona mu bwato! Leo tutaliwa na samaki!"

Wote walicheka kidogo, hata Nkambo Berthe. Kabaso peke yake hakucheka. Alitema mate majini, upande wa kushoto, akaongeza moto wa moteri.

*

Ukungu haukuja kama ukungu wa siku nyingine za baridi, unaopanda polepole kutoka majini. Huu ulikuwa mbele yao, umesimama wima kama ukuta wa chokaa, na jua la asubuhi likiwaka juu yake. Kabaso alijaribu kuuzunguka. Kila alikogeuza boti, ulikuwa kule. Mwishowe waliingia, na Nchelenge nyuma yao ikafutika, miti na mabati yote, kana kwamba mtu amepitisha kitambaa.

Kisha moteri ikazima.

Haikukohoa. Ilinyamaza tu. Kabaso alivuta kamba yake tena na tena. Alifungua tangi, mafuta yalikuwamo. Alitoa plagi, akaipangusa, akairudisha. Alivuta tena. Hakuna.

"Haina na kosa," alisema, akitazama mikono yake. "Iko muzima. Inakataa tu."

Maji yalikuwa yamelala kama mafuta kwenye sufuria. Hakuna ndege aliyelia. Hakuna wimbi lililogusa ubao. Arlène alijisikia anapumua, akaona aibu, kwa kuwa pumzi yake ndiyo ilikuwa kelele pekee pale.

Ndipo sauti ikaita.

Ilitoka chini, karibu na maji, upande wa nyuma. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Iliita taratibu, kama mtu anayemwita jirani aje kula.

"Yunusi."

Yunusi aligeuka, akafungua mdomo kuitika. Kabaso aliruka juu ya magunia akamziba mdomo kwa kiganja.

"Awe! Apana! Usiitike! Hapa mu ziwa, kama jina inaitwa na hauone mutu, hauitike. Nkambo zetu balikataza. Ukiitika, unaenda."

Walibaki hivyo, mmoja kamshika mwenzake mdomo, wote wakisikiliza. Sauti iliita tena, na safari hii ilikuwa imesogea.

Nkambo Berthe alikamata mkono wa mjukuu wake. "Mi nilisikia 'Yona'," alinong'ona. "Na nilisikia vile papa yangu alikuwa anaitamka. Yoná. Na mwisho inapanda juu."

"Ilisema Yona," alisema Papa Valère. Uso wake ulikuwa umepauka. "Kama mu Biblia."

"Ilisema Yunusi," alisema Arlène. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wapande boti.

Mama Jeanine hakucheka tena. Alikuwa akiangalia nyuma, kwenye ule mtumbwi mdogo. Wote walifuata macho yake. Mtumbwi ulikuwa mtupu, waliona hata mbao za chini. Lakini upande wake mmoja ulikuwa umezama kidogo, kama mtumbwi aliokalia mtu. Na kamba ilikuwa imekazwa.

*

"Tunajua hii hadisi," Mama Jeanine alisema, sauti ikimtetemeka. "Kila mutu anaijua. Kuko mutu mumoja mu bwato, Mungu anamutafuta. Kama bantu hawamutoe, bote banakufa. Aba, mi niko na batoto ku nyumba."

"Mutoe nani?" aliuliza Yunusi.

Mama Jeanine aligeuka. Alimtazama Papa Valère, kwa sababu yeye alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyekijua Kitabu.

Papa Valère alilamba midomo. Hakuwa mtu mbaya. Arlène angemwapia mtu yeyote hilo. Lakini alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa imepata mahali pa kukaa.

"Yona alimukimbia Mungu," alisema. "Ziwa, bahari, ikakasirika juu yake. Balimutupa, na maji yakatulia. Siku tatu mu tumbo ya samaki. Na Yesu mwenyewe alisema, hii ni alama yake: vile Yona alikaa mu samaki, vile na yeye atakaa mu kaburi, na atatoka. Mumoja anaenda chini, wengine banapona. Njo vile imeandikwa."

"Papa Valère," Yunusi alisema kwa upole, "kwetu hatumusemi Yunusi hivyo. Ni nabii. Alikasirika, aliacha bantu bake na Mungu hajamuruhusu, ni kweli. Mu bwato balipiga kura, ikamuangukia, samaki akamumeza. Mais Mtume wetu alikataza mutu kusema, 'Mi niko bora kumupita Yunusi.' Hatumuoni kama mukosi wa bwato. Tunamukumbuka juu ya dua yake. Mule ndani, giza juu ya giza, alisema, 'Hakuna mungu ila wewe, mi nilikuwa mu bale walikosa.' Na Mungu akamujibu."

"Na kaburi ya Yesu?"

"Ile kwetu haiko mu hadisi ya Yunusi, papa."

"Unaona?" Papa Valère alimgeukia binti yake kwa mara ya kwanza siku hiyo, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Unaona, Arlène? Hata Yona mumoja hatuna naye. Mutakaa namna gani mu nyumba moja?"

"Yunusi," iliita sauti.

Sasa ilikuwa kando ya boti. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Kabaso, aliyesimama nyuma, alionekana nusu.

"Hatumuue," Papa Valère alisema haraka, bila kumwangalia mtu. "Hakuna mutu anasema kumuua. Ule mutumbwi unaelea. Aingie mule, tukate kamba. Ukungu ikiisha, bavuvi batamuona."

Arlène aliutazama mtumbwi ule ulioelemea upande mmoja. Alitaka kupiga kelele. Kila kitu ndani yake kilikuwa kinapiga kelele, lakini kinywa kilibaki kimefungwa, kama kilivyofungwa juma zima, na mbele ya cherehani, na mbele ya baba yake aliyekaa kitandani.

"Tupige kura," alisema Yunusi. Uso wake ulikuwa na jasho katika baridi ile. "Kama ni mimi, nitaingia mwenyewe. Mutu asinisukume."

Mama Jeanine alivunja matete kutoka kwenye mkeka wa kuanikia samaki, akafupisha moja, akayafumbata yote katika ngumi. Walichukua kila mmoja lake. Midomo ya Yunusi ilikuwa ikisogea taratibu, na Arlène alijua ni ile dua.

Alifungua kiganja chake. Tete fupi lilikuwa lake.

"Apana," alisema baba yake. "Hatukuchanganya muzuri. Tena."

Mama Jeanine alikusanya matete, akayachanganya mgongoni. Walichukua tena. Lilikuwa lake.

"Tena! Nipe mi niyashike!"

Papa Valère aliyashika mwenyewe. Aliyachanganya kwa nguvu hata yakagongana. Arlène alichukua la mwisho, lile lililobaki baada ya wote kuchagua, na hakuhitaji kuliangalia. Aliona machoni mwa baba yake.

Sauti ilikuwa imenyamaza. Ilikuwa kama mtu aliyetega sikio.

*

Arlène alisimama. Boti iliyumba, na Yunusi akanyoosha mkono kumshika, lakini yeye alitikisa kichwa.

"Ni sawa," alisema. "Ni mimi njo niko nakimbia."

"Ikala, kaa chini, mutoto!" baba yake alipaza sauti.

"Papa, nisikilize. Mbele ya leo sikusema kitu. Yeye hakimbie kitu. Alikuja mu hii bwato, anajua utamuchukia, na alikuja tu. Mi njo nilijua kile nataka, na nikafunga kinywa, nikapanda bwato kwenda ngambo ingine. Namupenda huyu mutu. Nilimupenda tangu zamani. Nilikuwa naenda kumudanganya Méschac, mutoto wa bantu, juu ya woga tu." Alipangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Sasa nimesema. Kama ziwa inatafuta mwenye kukimbia, ni mimi. Kabaso, vuta ile kamba."

Kabaso hakuvuta. Arlène alipita juu ya magunia kwenda nyuma, na baba yake akamrukia, akamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mtoto asianguke kisimani.

"Apana! Apana, Arlène!"

"Juu ya nini apana, papa? Ulisema mutumbwi unaelea."

Mikono ya Papa Valère ililegea. Aliketi chini, ndani ya maji machache yaliyokuwa sakafuni mwa boti, akamtazama Yunusi. Alimtazama muda mrefu. Pengine alikuwa akimwona kwa mara ya kwanza, kijana mwembamba mwenye tete mkononi, aliyekuwa na mama mahali fulani. Kisha alifunika uso kwa kofia yake, mabega yakaanza kutikisika.

Nkambo Berthe ndiye aliyesema. Watu wa Nchelenge walijua kwamba baba yake alikuwa Myahudi, mzungu kutoka kisiwa cha Rodo, aliyenunua samaki Kasenga zamani za Wabelgiji. Hakupenda kumzungumzia, kwa kuwa katika kanisa kulikuwa na wenye midomo.

"Papa yangu alikuwa na siku moja mu mwaka," alisema, "hakuli, hakunywi, hata maji. Jua ikianza kushuka, anasoma kitabu ya Yona, yote, na luga yao. Kwake Yesu hakuwa mule ndani, Valère. Alisema ni kitabu ya kutubu, ya kila mutu. Akimaliza anatafsiri kwa Kiswahili, niko mutoto, niko miguuni pake. Na kila mwaka alikuwa anasimama pahali pamoja. Anasema, 'Berthe, bantu banasahau bale ba bwato. Kura iliangukia Yona, yeye mwenyewe alibaambia bamutupe. Mais bale bantu hawakumutupa pale pale. Kwanza balivuta kasia. Balivuta na nguvu yote, barudishe bwato ku inchi kavu, juu hawakutaka damu yake.' Iko hata mu Biblia yako, mwana wangu. Unaipita mbio."

"Hawakuweza, mama," alisema Papa Valère ndani ya kofia. "Bahari ilibashinda."

"Balivuta kwanza," alisema Nkambo Berthe. "Na sisi hatujavuta."

*

Kulikuwa na makasia mawili. Kabaso alichukua moja akaenda mbele. Papa Valère alichukua la pili, akajivuta hadi kwenye ubao wa nyuma, akakaa. Ubao ule ulikuwa wa watu wawili. Baada ya kitambo kidogo aligonga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Ikala," alimwambia Yunusi. "Shika hapa chini, mi nashika juu."

Walivuta. Mama Jeanine alivuta kwa kipande cha ubao huku akiimba pambio kwa sauti ndogo, na Arlène alivuta kwa mfuniko wa sanduku la samaki, hadi vidole vikamchubuka. Mbele yake aliona migongo miwili, wa baba yake na wa mtu wake, ikiinama pamoja na kunyooka pamoja. Hakujua wanakokwenda. Hakuna aliyejua.

Boti ilikuwa nzito kuliko kawaida. Kila walipovuta, kamba ya nyuma ililia.

"Ni mutumbwi," Kabaso alisema. "Unatuvuta nyuma. Niukate?"

"Ni mali yako," alisema Papa Valère.

"Mali ni kitu gani leo." Alitoa kisu, akarudi nyuma, akaikata kamba.

Kamba ilichapa maji. Boti iliruka mbele kama punda aliyetuliwa mzigo. Arlène aligeuka, ingawa bibi yake alimwambia asigeuke. Mtumbwi haukubaki ukielea ovyo kama chombo kitupu. Ulijigeuza, polepole, bila upepo wala mkono, mpaka pua yake ikatazama walikotoka. Kisha ukaenda zake ndani ya weupe. Ulikuwa bado umeelemea upande mmoja.

Hawakuisikia tena ile sauti.

Walivuta mpaka jasho likawaingia machoni, na walichosikia baadaye kilikuwa kelele ya mtu anayegonga bati. Walifuata kelele hiyo. Ukungu ulianza kupasuka vipande vipande, jua likapenya, na mbele yao ukaonekana mchanga wa Kilwa, vichanja vya samaki na watu wamesimama.

Méschac ndiye aliyekuwa akigonga bati. Alilitupa, akaingia majini hadi magotini, akamsaidia Nkambo Berthe kushuka. Baba yake, Pasta Ilunga, alisimama nyuma akiwa na suti yake ya Jumapili.

"Tuliogopa," Méschac alisema. Alimtazama Arlène kwa haya, kisha akauliza jambo ambalo lilionekana kumsumbua. "Ni nani alikuwa anakuita vile? Tangu ukungu ishuke tunasikia mwanaume kule ndani. 'Arlène, Arlène.' Tukasema, labda ameanguka mu maji. Njo nikaanza kugonga bati."

Waliokuwa botini walitazamana. Mama Jeanine alijifunga kitambaa chake kichwani, akaondoka bila kuaga mtu, na hata samaki wake alirudi kuwachukua siku nyingine. Ndani ya boti hakuna aliyekuwa ameliita jina hilo tena na tena namna hiyo.

"Uliitika?" Yunusi alimwuliza Méschac, taratibu.

"Apana. Nilitaka. Papa alinikataza."

Papa Valère alivua kofia. Alikuwa amelowa hadi kiunoni, na mbele ya suti ya pasta alionekana mdogo. "Pasta Ilunga," alisema, "nilikuahidi kukuletea binti. Nimekuja kukuomba musamaha. Mutoto wangu ana mutu wake. Nilijua, nikafanya kama sijue. Kosa ni yangu, usimuwekee yeye."

Pasta Ilunga alimtazama kijana mwenye paneli, akaona kofia ndogo nyeupe iliyochungulia mfukoni mwake. "Huyu? Valère, weye ni muzee wa kanisa."

"Niko muzee wa kanisa," alisema Papa Valère. "Na leo asubuhi nilitaka kumuacha mutoto wa mwenzangu mu ziwa, na Biblia mu kinywa. Utaniambia kwanza habari ya hii, pasta. Kisha tutasema habari ya kofia yake."

Pasta alifunga vifungo vya suti yake. Aligeuka akapanda kuelekea nyumbani. Méschac alibaki kidogo, akampa Arlène mkono. "Asante mulisema mbele ya ndoa," alimwambia, na sauti yake haikuwa ya furaha. Kisha akamfuata baba yake.

Yunusi na Arlène walisimama mchangani, mbali kiasi cha hatua ambayo adabu inaruhusu. Mikono ya Yunusi ilikuwa na damu ya kasia. Mikono ya Arlène ilikuwa na damu ya mfuniko. Waliiangalia mikono hiyo kwa kuwa usoni hawakuweza.

"Ulisema mbele ya bote," Yunusi alisema.

"Nilichelewa."

"Ulisema." Alimeza mate. "Kesho nikimaliza ile taa, naenda Chienge kumutafuta baba mudogo. Tutakuja kwenu kuposa, kama bantu banakuja. Sitakuomba uache kanisa, Arlène. Na mi sitaacha kuswali. Sijui itakuwa namna gani. Sikudanganye."

"Na mi sijui," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu juma lile alitabasamu. "Kuja tu."

Alibeba paneli yake, akapanda njia ya kijijini, akigeuka nyuma kila mara kama mtu anayehofia kitu kitaondoka akipepesa. Arlène alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa vichanja.

Hakumsikia baba yake akija. Papa Valère alisimama kando yake, akikamua maji kwenye kofia. Kisha alikohoa.

"Bale ba kwao bakikuja," alisema, macho yake kwenye mchanga, "tutabapikia kuku. Mais nasikia habakule kama ni sisi tumechinja. Ni kweli?"

"Ni kweli, papa. Muislamu njo anapashwa kuchinja."

"Bon." Alifikiri. "Basi akuje asubuhi, bazee bake habajafika. Kuku nitamufungia pa mulango, na kisu nitakinoa mi mwenyewe."